Kuchakulo Wawili wa Shamba la Chamazi

Saa kumi na mbili asubuhi Polikarpo anainama penye mtego wa saba kati ya kumi na minne anayoikagua kila siku katika shamba la mikorosho huko Chamazi. Kuchakulo, yule kindi wa mitini, amenasa. Kabla hajamtoa, anasikia shoka likilia katika kichaka kilicho kando ya shamba.

Anauacha mtego na kukimbilia huko.

"Mzee wa kuchakulo!" mkata miti mmoja anamtania. "Leo tunabomoa nyumba za wezi wako. Kesho utatega nini?"

Polikarpo hacheki. Alitoka Masasi mwaka 1948, akaajiriwa na Bwana Shamsuddin kulinda korosho. Siku ile aliulizwa wezi wanatoka wapi. Akanyoosha kidole kichakani, kwa kuwa ndiko alikomwona mmoja akiingia.

"Nilikosea," anasema taratibu. "Wako wa namna mbili. Wa milia ubavuni ndiye mwizi. Anakaa humuhumu shambani, kwenye mashimo ya mikorosho mizee. Yule wa tumbo jekundu hatoki kichakani. Nimewapasua wengi, na tumboni mwao sijakuta korosho hata siku moja. Ni vitunda vya porini tu."

Hakumwambia tajiri. Aliogopa kufukuzwa, akaendelea kuwaua wote, wenye kosa na wasio na kosa.

Na kuna jingine. Masika ya mwaka juzi, njia ya makaburi ya misheni ilipofunikwa na maji, yeye na mkewe Rosalia walimzika binti yao Sesilia, mtoto wa miezi minane, ndani ya kichaka hicho. Hawakuomba ruhusa. Hawakuweka msalaba, ila mawe matatu.

"Ardhi si yetu," husema Rosalia, ambaye kila Jumapili huenda pale akijifanya anaokota kuni. "Tuliogopa wangetuambia tumfukue."

Bwana Shamsuddin anafika saa mbili. Mashoka hayajapumzika; yamebakiza hatua kama ishirini kuyafikia mawe.

"Bwana, wezi si hawa wa huku," Polikarpo anaanza, kofia mkononi. "Ni wale wa milia."

"Si wewe mwenyewe uliniambia kichakani?"

"Ni mimi, bwana."

"Basi waache watu wafanye kazi. Kuchakulo ni kuchakulo tu, bwana wee."

Tajiri anageuka kwenda zake. Polikarpo anamshika mkono wa shati, jambo ambalo hajapata kulithubutu.

"Bwana, mle mna mwanangu. Nimemzika mle."