Reli Iliyoanzia Mlango wa Jiko

Mwaka baba alipostaafu kazi ya reli, nyumbani kwetu Rusimbi, mjini Kigoma, tulikuwa na mgeni. Alikuwa mama kijana kutoka Burundi, aliyekimbia vita akiwa mjamzito, akafika Kagunga, mpakani, kwa miguu na kuletwa Kigoma kwa boti. Alijifungua salama. Lakini alipotoka hospitali, mama yake mzazi na wadogo zake walikuwa wameshapelekwa kwa gari moshi kwenye makazi mapya ya wakimbizi, upande wa Tabora. Mama yangu, aliyekuwa mkunga pale, akamchukua aje kwetu apate nguvu kwanza.

Nguvu alizipata. Kilichomshinda ni safari. Mara mbili aliitwa stesheni, na mara mbili alirudi, mtoto mgongoni na kifurushi kichwani. Kwao hakukuwa na reli.

"Watu wanaingia, mlango unafungwa, linaondoka," alimwambia baba kwa Kirundi, ambacho sisi Waha hakitupi taabu. "Sioni linakokwenda."

Baba hakumcheka. Kesho yake nilimkuta uani na jembe, anasawazisha udongo kuanzia mlango wa jiko.

"Unapanda nini hapo?" mama akamuuliza.

"Reli."

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimefunga shule. Kazi yangu ikawa kukata mataruma ya kulazia reli kutoka mbao za masanduku, kila moja urefu wa kidole. Baba aliyapanga kwa kipimo, akagongelea juu yake waya mnene wa uzio. Kopo la maziwa likawa kichwa cha treni, mikebe ya samaki ikawa mabehewa, visoda vikawa magurudumu. Treni hiyo tuliivuta kwa kamba. Mgeni wetu alitutazama kwa mbali, akimenya mihogo.

Siku ya tisa ilinyesha mvua kubwa. Ilipokatika, nusu ya tuta la reli yetu ilikuwa imeporomoka hadi kwenye mchikichi wa jirani. Baba akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Mgeni wetu akanipa mtoto, akakunja khanga yake, akachutama matopeni. Alipanga mawe ngazi kwa ngazi, akashindilia udongo na nyasi katikati.

"Kwetu tunalima milimani," alisema. "Udongo usioshikwa huondoka."

Akawa anajenga, huku anagusa waya na kumwuliza baba.

"Hapa ni wapi?"

"Uvinza. Wanachemsha chumvi."

"Na hapa?"

"Daraja la Malagarasi. Mlio wa magurudumu utabadilika. Usiogope, boliti za pale nimezikaza mimi mwenyewe."

"Halafu?"

Baba akasita. "Halafu sijui. Kipande changu cha kazi kiliishia hapo. Mbele yake sijawahi kufika."

Mgeni akamtazama. "Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Basi huko mbele sote ni wageni," akasema, na kwa mara ya kwanza tukamsikia akicheka. Kisha akauliza polepole, "Na mama yangu yuko wapi?"

Baba akainuka, akatembea hadi mwisho kabisa wa waya, akaweka jiwe dogo jeupe. Mgeni wetu akampokea mtoto wake kwangu, akaenda kukaa kando ya lile jiwe, akamnyonyesha hapohapo. Hakuna aliyemsumbua.

Alipoitwa mara ya tatu, aliondoka. Baba alivaa koti lake la kazi, akamsindikiza hadi mlango wa behewa. "Urakoze, data," alimwambia. Asante, baba.

Baada ya miezi michache, mfanyakazi mmoja wa treni alituletea salamu: amefika, amepewa shamba, na anamwita baba akamtembelee. Baba alibisha siku mbili. Ya tatu mama akamfungia dagaa na chupa ya mawese, naye akapanda treni, abiria kwa mara ya kwanza maishani.

Alikaa huko wiki tatu. Aliporudi alitueleza kuwa mtoto ameanza kukaa mwenyewe, na kwamba bibi yake alimshika baba mkono mlangoni kwao kwa muda mrefu, mpaka chai waliyomwandalia ikapoa.