Bunduki ya Nyumba Tano

Basi lilipoingia Louisville, Isaro alikuwa amekaa kitini saa kumi na nne, na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Buffalo alikuwa ameiacha na theluji chafu kando ya barabara. Columbus alibadili basi, akanywa chai isiyo na ladha ya chai. Na sasa huku, mwezi uleule wa tatu, miti ya mjini ilikuwa imejaa maua meupe kama ya harusi, yananuka samaki aliyelala. Alishuka viatu mkononi. Alikuwa ameishi Uvira, Bujumbura na Nairobi, na kwa miaka tisa alikuwa akila jasho la kutafsiri hospitalini Buffalo kwa lugha sita. Bado kila mji mpya ulimfanya ajione kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Aliyekuja kumpokea alisimama mlangoni mwa kituo, fulana ya kazi ya rangi ya chungwa bado mwilini. Rurangwa alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Isaro alimwita yaya, kama watu wa Kivu wanavyomwita ndugu aliyewatangulia kuzaliwa.

"Yaya, umekonda."

"Bon, hiyo njo kazi ya depo. Kule maboksi tu njo yananenepa."

Alicheka kidogo, akachukua begi la Isaro.

Hakuwa amemwita kwa salamu. Alimwita aje kumsemea dukani, maana alitaka kununua bunduki. Binti yake Gaju, mwenye miaka kumi na tano, alijua Kiingereza kuliko wote nyumbani, lakini baba alikataa katakata: mtoto hasimami mbele ya silaha kuulizia bei.

Siku tatu kabla ya safari, mkewe Nyirakamana naye alimpigia Isaro simu, na Isaro alidhani anataka kumzuia. "Wifi," alisema Nyirakamana, "mimi hiyo kitu naichukia. Lakini amesema akiipata tunabaki, akiikosa tunahama. Na mimi kuhama sitaweza tena. Donc, kuja umsaidie. Ainunue, aiweke, tulale."

Wengine wangehesabu miaka yao Amerika kwa kazi walizofanya. Rurangwa aliihesabu kwa risasi. Buffalo walipewa nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Riverside, karibu na mto, na mwaka wa pili risasi ilipita dirisha la jikoni ikaingia kwenye sufuria ya maharage. Haikumpata mtu. Nyirakamana alizima jiko, wiki mbili baadaye wakahama. Columbus walikaa miaka mitatu na nusu, hadi wanaume wawili walipoingia mchana, wakamwekea Nyirakamana bastola shingoni, wakaondoka na televisheni. Wakahama. Hapa Okolona, pembeni mwa Louisville, kwenye majengo ya kupanga nyuma ya mabohari, walikuwa na mwaka na miezi miwili. Januari watu wasiojulikana walirushiana risasi kwenye maegesho, na asubuhi mlango wa gari la Rurangwa ulikuwa na tundu la kuingiza kidole. Sahani nzuri za Nyirakamana zilikuwa bado kwenye maboksi yaliyotoka Columbus. Gaju alikuwa amepata nafasi kwenye timu ya mbio ya shule. Alimwambia baba yake kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili, kwamba safari hii yeye haendi popote, na baba akamjibu kwamba yeye pia.

"Sihami tena," alimwambia Isaro garini. "Mtu anahama mpaka anazeeka barabarani. Nitapata bunduki nzuri, nitakaa."

"Nzuri maana yake nini, yaya?"

"Isiyogoma."

Isaro hakuuliza zaidi, kwa kuwa habari hiyo ukoo wote uliijua. Kule kwao milimani Kivu, Rurangwa akiwa kijana, nyumba tano za upande wao zilichanga ng'ombe wanunue bunduki ya kulinda zizi. Askari mmoja mtoro aliwaletea mbili. Moja aliitaka kwa ng'ombe wanane, nyingine kwa watano. Wazee walikaa siku nzima, wakachukua ya watano. Ilizunguka nyumba hadi nyumba, kila nyumba usiku wake. Wavamizi walipokuja ilikuwa zamu ya baba yake Rurangwa. Ilipiga mara moja, ikagoma. Baba alikuwa bado anaipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto acheue, walipomfikia.

Kwa hiyo kwa miezi miwili Rurangwa hakutazama kitu kwenye simu isipokuwa video za bunduki. Hakuelewa maneno, alitazama mikono. Alikuwa amejua ipi ina bei ya mtu wa mshahara wa kima cha chini na ipi inapigwa ikiwa imejaa matope na bado inafanya kazi. Ile ya bei ndogo angeimudu peke yake. Ile aliyoiamini ilikuwa dola elfu moja na mia mbili, na hiyo hangeiweza hata akifunga kula.

Jioni ile ndipo Isaro alipofahamu alivyoiweza. Mlango uligongwa, akaingia Theogene, jirani wa ghorofa ya chini, fundi wa mashine kiwandani Jeffersontown, mtu wa domo na kicheko.

"Karibu, mama mkalimani! Umekuja kutuozesha? Bibi harusi ni mweusi, mwembamba, anaongea mara thelathini bila kupumua!"

"Theogene, keti chini," alisema Nyirakamana. "Hata wa kwanza hujamweza."

"Wa kwanza naye anagoma, nitamrudisha kwa nani? Hana risiti."

Walicheka wote, hata Rurangwa. Kisha Theogene akatoa bahasha ya pesa na kuiweka mezani. Zilikuwa familia tano za majengo yale, zote za milimani, zote zimechanga. Bunduki itakaa kwa zamu, wiki kwa wiki, kuanzia kwa Rurangwa. Isaro alitazama bahasha ile na kuona jambo jema kabisa: watu wamekumbuka kosa la wazee, na safari hii wamechagua ng'ombe wanane. Alijua sheria za hospitali, haki za mgonjwa, fomu za bima. Sheria za bunduki hakuzijua, na hakufikiri kuuliza.

Kesho yake, saa nne asubuhi, waliingia dukani Jeffersontown, kando ya eneo la viwanda. Muuzaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, miwani imening'inia kifuani. Alimpa Rurangwa mkono, akampa na Isaro, akaweka bunduki mbili juu ya kabati la kioo. Zote zilikuwa za nusu otomatiki: ukivuta mara moja inatoka risasi moja, na nyingine inajipanga yenyewe.

"Hii ya bei ndogo si mbaya," alisema, na Isaro akafuata sentensi kwa sentensi. "Wengi wanaanzia hapa. Ila inachagua chakula. Ukiilisha risasi rahisi, ganda linaweza kukwama. Kabla ya kuitegemea, piga kama mia tatu, ujue tabia yake."

"Muulize, ikikwama, inakaa muda gani?"

"Aliyefanya mazoezi anaikwamua kwa sekunde tatu."

"Na asiyefanya?"

Mzee alimtazama. "Asiyefanya, hata hii nyingine haitamsaidia sana."

Rurangwa akasema kitu kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, polepole, akikiambia kioo: kwamba sekunde tatu ni nyingi, baba yake hakupewa hata hizo. Isaro hakukitafsiri.

Mzee hakumsukuma kwenye zile za ghali. Alisema bunduki za zaidi ya elfu mbili watu wananunua jina. Hii ya elfu moja na mia mbili ameiuza miaka mingi, na bado hajamwona mteja akirudi na lawama. Kama pesa hazitoshi, basi achukue ya bei ndogo, zinazobaki anunulie risasi na masomo. Rurangwa aliishika ile nzuri, akavuta nyuma kile chuma cha ubavuni, akaachia. Kilirudi kwa mlio mmoja safi. Akafanya tena. Isaro alimwona mabega yakishuka, kwa mara ya kwanza tangu kituo cha basi.

"Hii," alisema.

Ikaja fomu. Jina, anwani, kadi ya ukaazi, tarehe ya kuzaliwa: mosi Januari.

"Mwaka mpya!" alisema mzee. "Bahati hiyo."

"Kambi nzima ya wakimbizi tulizaliwa siku hiyo," alijibu Isaro. "Mwandishi wao alikuwa na haraka."

Mzee akacheka, akavaa miwani, akaendelea kusoma maswali. Halafu akanyanyua macho. "Na hii bunduki ni ya nani?"

"Ni yetu," alisema Rurangwa.

Kwao mtu husema nyumba yetu hata kama anaishi peke yake. Husema mke wetu, na hakuna anayedhani ameshirikiana na mtu. Isaro angeweza kuligeuza neno lile kuwa "yangu" na asingekuwa amedanganya lugha. Lakini alikuwa ameiona bahasha. Alijua kwamba safari hii yetu ni yetu kweli, na kiapo chake cha kazi kilikuwa kimoja: sema kilichosemwa. Akasema yetu.

Mzee akaweka kalamu chini. "Yenu, wewe na nani?"

Rurangwa alifurahi kuulizwa. Akaeleza yote, mikono ikipanda na kushuka: nyumba tano, kila nyumba imetoa sehemu yake, wiki hii kwangu, wiki ijayo kwa Theogene, hakuna anayelala bila ulinzi. Isaro alitafsiri, na kila sentensi aliuona uso wa mzee ukifunga kama duka. Alipotaka kupunguza, maneno yalikuwa yameshatoka.

"Bibi," mzee alimwambia Isaro, kwa sauti ya chini, "mwambie siwezi. Si leo, si kesho. Fomu inauliza kama anajinunulia mwenyewe. Kuwanunulia wengine kwa pesa zao ni kosa la jinai, kwake na kwangu. Mwambie aende nyumbani salama."

Akairudisha bunduki ukutani. Kisha akafungua daftari, akaitazama ile kadi ya ukaazi, akaandika mstari mmoja.

"Ameandika nini?" aliuliza Rurangwa.

"Jina lako, yaya. Ni utaratibu wa duka tu. Ameandika kwamba hakuuza."

Rurangwa alitangulia garini. Aliweka ufunguo, hakuwasha.

"Kule pia walianza na kuandika majina."

"Hapa siyo kule. Hakuna atakayekuja. Nakuapia."

"Weye uliapa kusema kilichosemwa," alisema, bila hasira. "Uliapa vizuri."

Nyumbani, Theogene alipokea bahasha yake kama mtu anayepokea sahani iliyovunjika. "Neno moja!" alifoka. "Yangu! Mtoto wa chekechea anajua kusema yangu, hapa njo kitu cha kwanza wanafundishwa! Na wewe dada, lugha sita, hukupata hata moja ya kumsaidia?"

"Theogene," alisema Rurangwa.

"Maduka yako mengi! Kesho twende lingine, useme yako, yangu, ya bibi yako..."

"Nikadanganye kwenye karatasi yao? Jina langu tayari liko kwenye daftari. Wakikuja, watakuta nini? Mtu aliyeandikwa, na hana hata ya kujitetea."

Isaro alieleza. Alipiga simu kwa mwanasheria wa wakimbizi Buffalo, akaweka spika, mwanasheria akasema vilevile: kujaribu kununua wazi na kukataliwa hivyo, hakuna polisi atakayemfuata. Alirudia kwa Kiswahili, kwa Kinyamulenge, na kwa Kifaransa kidogo anachokisikia Rurangwa. Rurangwa alikuwa anasikiliza na kuitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyoitikia mgonjwa aliyeambiwa dawa ambayo hatakunywa. Nyirakamana ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama, akaingia chumbani, na wakaisikia sauti ya utepe wa kufungia maboksi ukivutwa kutoka kwenye roli, ndefu, tena na tena.

Siku ya tatu gari lilikuwa limejaa hadi dirishani. Wangeanzia Columbus, kwa dada yake Nyirakamana, halafu wangeona. Rurangwa hakwenda kazini kuaga, alituma ujumbe tu. Isaro angebaki wiki moja kusafisha nyumba na kukabidhi funguo, ili wasipoteze amana ya pango. Alikuwa amejitolea mwenyewe, kwa kuwa hakuna kingine alichobaki nacho cha kutoa.

Gaju hakupiga kelele. Alikaa ngazini na begi la mgongoni, kama mtoto anayekwenda shule. Baba yake alimwita mara mbili, mara ya tatu akaja akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ingia."

Akamjibu kwa Kiingereza kwamba yeye haendi popote, na kwa mara ya kwanza baba hakumgeukia Isaro aulize maana.

"Najua," alisema Rurangwa. "Ingia."

Nyirakamana alimkumbatia Isaro muda mrefu. "Hukukosea, wifi," alimwambia sikioni, na Isaro alitamani asingesema. Rurangwa alimpa mkono, mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake, akapanda. Gari liliinama nyuma kwa uzito, likapita maegesho polepole, likakata kulia kwenye barabara kubwa, likachanganyika na malori.

Isaro alikuwa bado amesimama na ufagio pale basi la shule liliposimama kando ya ngazi. Mlango ukafunguka. Dereva, mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, alimsubiri mtoto ashuke kutoka ghorofani, akatazama saa, akapiga honi mara moja kwa upole.

Isaro alijua kusema "hayupo" kwa lugha sita. Akatikisa kichwa tu, na mama yule akasubiri kidogo zaidi kabla ya kufunga mlango.