Ndege wa Mbali

Jirani yetu wa hapa mtaani Al Khoudh, mwalimu wa chuo kikuu, anapanga safari ya Australia, kwenye hifadhi ya mbali ambayo ardhi yake ni ya wenyeji wa asili. Kila alasiri hukaa dirishani akisikiliza kwenye simu ndege wa huko, anayelia kama mtu aliyefiwa. “Nnataka nimjue nikimsikia,” huniambia kwa sauti ya chini, vidole vikipapasa ramani.

Jana, nikiwa naye, alimpigia simu mama mmoja wa wenye ardhi ile, kuomba ruhusa. Wakizungumza, kilio kile kile kikasikika kutoka nje, kwenye wadi, bonde kavu la mto lililo nyuma ya nyumba. Mama akauliza, “Kumbe na huko mnaye?”

“Huku ndege huyo hatunaye,” jirani akajibu. Akaniashiria nifunge dirisha taratibu, yule anayelia nje asitusikie.