Uso Nilioupaka Nyeupe

Picha ya mama niliondoka nayo mimi. Dada yangu hajawahi kusema kwamba niliiba, lakini ilikuwa picha pekee ya mama katika nyumba nzima. Asubuhi ile nilipotoka kijijini kwetu Kitomanga na cheti changu cha kidato cha nne ilikuwa imebanwa ndani ya kifuniko cha sanduku, na jioni haikuwepo. Ilikuwa ndogo, ya nyeusi na nyeupe, mama akiwa bado kijana, kichwa wazi, amepigwa na mpiga picha mmoja aliyepita kijijini na kitambaa chake cha kutundika nyuma ya watu.

Nimekaa nayo Tunduru, Songea, Dar es Salaam, Tunduma. Mimi si mtu wa kukaa. Nikizoea mlio wa bawaba za mlango wa nyumba, najua nimekaribia kuhama. Picha ilikuwa ndani ya pochi, kwenye nailoni, na huko Tunduma ikalowa mvua nami ndani ya suruali hiyohiyo. Nilipoibandua, ngozi ya picha ilibaki kwenye nailoni. Kidevu kikaondoka, na kipande cha shavu la kushoto. Kwingine kukabaki mikwaruzo.

Mama alifariki nikiwa hukohuko. Kwetu maiti haimngoji mtu aliye mbali, na mimi nilikuwa mbali. Nilifika kwenye arobaini. Dada, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mbili na ndiye aliyemwuguza, alinipa maji, akanipa chakula, akangoja nimalize kunawa.

"Picha unayo?"

"Ninayo."

"Basi siku moja utaileta."

Ningeweza kuitoa palepale mfukoni, lakini niliona haya kumkabidhi mama asiye na kidevu. Imepita miaka sita.

Sasa nimepanga chumba Kilwa Masoko. Napiga picha za pasipoti, nachapa mialiko ya harusi na vyeti vya semina, na wateja wakiisha nakaa na kompyuta. Kompyuta imenizoea kuliko watu. Kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python nilijifunza kwa kutazama video na kunakili, mstari kwa mstari, kama tulivyonakili ubaoni shuleni, nikielewa nusu. Kuna kitu wanakiita maktaba. Ni kazi zilizoandikwa tayari na watu wengine, wewe unaziita kwa jina ndani ya programu yako nazo zinakuja. Moja ya maktaba hizo ni ya picha za akili mnemba. Unaandika maneno, inakuchorea. Au unaipa picha yako, inakutengenezea.

Miezi ya mwanzo niliitumia kurudi nyumbani. Hakuna njia nyingine ya kulisema hilo. Nilikaa peke yangu mchana, mlango nimeurudisha, nikaandika: uwanja wa nyumba Kitomanga, mikorosho, mwanamke anafagia. Ikaniletea migunga na mlima nyuma yake. Nikaandika tena, nikaeleza mkorosho ulivyo. Ikanipa mti mzuri wenye mabibo mekundu, na korosho zimekaa juu ya bibo, upande wa kikonyo, kama kofia, wakati korosho huning'inia chini ya bibo. Nilicheka, kisha nikageuka nimwonyeshe mtu. Chumbani hapakuwa na mtu wa kuelewa kichekesho hicho.

Ndipo nilipofikiria picha ya mama. Maktaba ile ina njia ya kutengeneza sehemu tu ya picha. Unatayarisha picha ya pili, nyeusi tupu, yenye ukubwa uleule, na pale unapotaka paguswe unapaka nyeupe. Palipo peusi mashine haigusi. Kisha unaandika maneno ya kuiongoza. Niliiskani picha ya mama, nikaikuza mpaka ikajaa kioo, nikaanza kupaka. Nilipaka kidevu. Nilipaka shavu. Nilipaka kila mkwaruzo niliouona, kwenye paji la uso, katikati ya nyusi, pembeni mwa macho. Nilifanya kwa subira, kama mtu anayechambua mchele. Maneno niliyoandika yalikuwa haya: uso safi wa mwanamke wa Kiafrika, ngozi laini, bila mikwaruzo.

Alipotokea, nilisimama. Alikuwa mzima. Ana kidevu, ana shavu, anatazama mbele. Nilimchapa kwenye karatasi nzuri, nikamtia katika fremu, na kesho yake nikaenda Nangurukuru kupanda basi la Lindi. Ile picha mbovu niliitia kwenye bahasha chini ya begi. Sikuwa na nia ya kuitoa.

Nilishukia Kitomanga, dada nikamkuta uani anachekecha unga wa muhogo. Ungo ulikuwa umejaa mbele yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Njia imekuangusha kwetu leo?"

"Nimekuja kwako."

"Haya, kaa hapo. Usinikanyagie makopa ya muhogo, yamekauka vizuri mwaka huu."

Nilimpa fremu kabla hata sijanywa maji. Alijifuta mikono kwa khanga, akaishika mbali kidogo na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Mzuri," alisema. "Wa wapi huyu?"

"Dada, ni mama."

"Mama yake nani?"

Nilidhani ananitania. Akaniangalia, akaiangalia picha.

"Huyu hajawahi kupalilia hata tuta moja. Huyu anafaa kutangaza sabuni. Chale zake ziko wapi?"

"Zipi?"

Hilo neno lilinitoka mimi mwenyewe, na nimelisikia mara nyingi tangu siku ile. Dada aliiweka fremu chini, juu ya mkeka, taratibu.

"Umebebwa mgongoni miaka miwili, mdogo wangu, unaniuliza zipi?"

Mama alichanjwa usoni alipokuwa msichana, kama wenzake wa Kimwera wa rika lake. Sisi watoto wake hatukuchanjwa. Nilipoanza kupata akili alikuwa amezoea kufunga mtandio chini hadi kwenye nyusi na kuubana pembeni mwa macho, kwa sababu mjini Lindi walimcheka sokoni, na alisema kichwa chake si gazeti la kusomwa na kila mtu. Kwa hiyo uso niliotembea nao kichwani ulikuwa na mtandio. Pochini nilikuwa na uso wenyewe, na sikuutazama nikaujua. Mikwaruzo ya mvua na chale za mama nilizipaka nyeupe pamoja.

Nilimweleza dada habari ya mashine, kwamba inafuta pale tu unapoiambia.

"Basi si mashine iliyomfuta," alisema.

Alivuta ungo, akausawazisha unga kwa kiganja mpaka ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Akachora kwa kidole. Mistari miwili mifupi ilisimama katikati ya nyusi. Juu yake akachora mingine mitatu imelala, imevunjikavunjika kama njia ya siafu. Pembeni mwa kila jicho, vidoti vinne. Hakusita hata mara moja. Alipofika kwenye jicho la pili nikamwona mama, si kwenye ungo, ila kwenye mlango wa bafu la makuti, anatawadha, mtandio ameusukuma nyuma, na maji yanashuka usoni yakifuata ile mistari kabla ya kudondoka. Nilikuwa nimemwona hivyo kila siku mpaka nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Nilipiga ungo ule picha kwa simu. Kisha nikatoa begini kompyuta yangu ya mkononi pale kivulini, nikaifungua ile nakala niliyoiskani, nikaanza upya. Safari hii dada aliegemea begani kwangu. Nilipopeleka mshale kwenye mstari alisema "huo acha" au "huo mvua", na mimi nikatii. Mara mbili tulibishana na kurudi kwenye ungo. Mashine haichori bila mtandao, na uani haukuwepo, ikabidi niende na kompyuta mkononi hadi kando ya barabara kubwa, watu wakinitazama kama mpimaji wa viwanja aliyepotea.

Niliporudi, dada aliifuata mistari mmoja mmoja kwa kidole. Chale zilikuwepo zote. Kidevu kilikuwa cha mashine, sote tulijua.

"Huyu sasa tunajuana," alisema. "Na ile yenyewe?"

"Imeharibika, dada. Nilikuwa naona haya."

"Nimekuuliza iko wapi."

Nilitoa bahasha. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akapitisha kidole gumba juu ya paji la uso, pale pale alipokuwa amechora, na hakugusa kidevu kisichokuwepo.

"Hiyo ya kwako baki nayo," alisema. "Wewe ndiye unayetembea. Hii alituachia nyumbani."

Akaifunga katika pindo la khanga, akakaza fundo, akavuta ungo wake. Alipoanza kuchekecha, chale zilififia, unga ukawa unga.

Kesho yake nilirudi Kilwa Masoko. Mama mwenye chale yupo ukutani, na pochi yangu imekuwa nyepesi kwa namna ambayo bado sijaizoea. Yule wa kwanza, mwenye ngozi laini, yumo kwenye kompyuta. Kumfuta ni amri ya mstari mmoja, nimeiandika zaidi ya mara moja na sijaiendesha. Juzi nilimfungua tena. Ananitazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti, anayengoja mwenyeji ajitambulishe.