Boma la Mzaliwa wa Kwanza

Rafiki yangu na mimi tulifundisha shule moja mjini Kisumu, tukapanga nyumba katika mtaa mmoja, na mishahara yetu ilikuwa sawa. Tulitofautiana kwa jambo moja tu: yeye alizaliwa wa kwanza kwao, mimi nilizaliwa wa pili kwetu. Hakufanya juhudi yoyote kulipata jambo hilo. Ndilo lililompa kila kitu nilichokitaka.

Kwetu sisi Wajaluo, kijana hujengewa kibanda karibu na lango la baba yake. Kibanda hicho huitwa simba, na humo huoa na kuzaa watoto wake wa kwanza. Wakati ukifika, hutoka akaanzisha boma lake mwenyewe. Lakini mdogo hatoki kabla ya kaka yake. Kumvuka kaka ni aibu isiyofutika. Kaka yangu aliishi Nairobi, na kila Desemba aliniahidi Desemba iliyofuata. Kwa hiyo mimi, mwalimu mwenye mvi na watoto, nilipokwenda kijijini nililala katika simba yenye paa lililooza. Mwanangu mkubwa alikuwa amekwisha kufikia umri wa kuwa na simba yake, na hakuwa na boma la baba ambamo angeijenga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini rafiki yangu aliponialika kwao kwa siku mbili, nimshuhudie akianzisha boma lake. Katika chumba cha walimu alikuwa amekisifu kiwanja hicho muhula mzima: udongo mweusi, mteremko wa taratibu, ziwa mbele ya mlango. Sikumwamini. Mimi huamini nilichokiona. Nilikwenda nikitumaini kukuta mawe na miiba.

Tulipita Katito Ijumaa jioni, tukashika njia ya Kendu Bay, kisha tukashuka na kutembea kuelekea majini. Hakuwa ametia chumvi hata kidogo. Udongo ulikuwa mweusi kama alivyosema, na ziwa lilikuwa karibu kuliko alivyosema.

"Omera, ndugu yangu, mbona umenyamaza?" aliniuliza. "Hakikupendezi?"

"Kinafaa," nilijibu.

Usiku huo tuliandaliwa samaki wa ngege wazima, wanene, mikia ikining'inia nje ya sahani. Mjini samaki wa maana walikwenda viwandani, nasi tulinunua mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Nilikula, na kila tonge lilinikera kwa utamu wake.

Kulipopambazuka, baba yake mdogo alitangulia kuonyesha mahali, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa amefariki. Rafiki yangu alifuata akishika shoka, mwanawe akibeba jogoo, mkewe akichukua moto katika kigae. Nyumba ya kwanza ya boma husimamishwa kwa siku moja, na wenyewe hulala humo siku hiyo hiyo, hata kama kuta zingali mbichi. Wanaume walichimba mashimo na kusimamisha nguzo. Wanawake walipanda kutoka ziwani na ndoo za maji vichwani. Mimi nilivua viatu, nikakunja suruali, nikabeba matope kwa karai. Nilikandika ukuta wa kaskazini peke yangu. Ulinyooka vizuri kuliko zote, na haukuwa wangu.

"Shemeji," mke wa rafiki yangu aliniita kutoka juu ya rundo la udongo, "usiukazie macho ukuta wetu hivyo, utapasuka kabla haujakauka!"

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

Alasiri tulishuka ziwani kunawa, rafiki yangu, baba yake mdogo na mimi. Mzee aliingia hadi magotini, akajisugua mikono kwa mchanga, akanitazama.

"Mwalimu, na wewe boma lako liko wapi?"

"Bado sina."

"Na hizo mvi?"

"Anamsubiri kaka yake," rafiki yangu alisema. "Yuko Nairobi."

"Yaani unalala simba mpaka leo?" Mzee alipiga maji kwa kiganja. "Panya wa humo wanakuitaje, kijana au babu?"

Rafiki yangu alicheka mpaka akateleza. Alipoinuka alikuwa amelowa, na bado anacheka, kama mtu anayejua kwamba jioni ana pa kukaukia.

Mzee alinionea huruma. "Iko njia," alisema. "Ng'ambo ya ghuba kulikuwa na mtu kama wewe. Kaka yake alikataa kuja. Basi alichukua koti kuukuu la kaka, wakalitundika kwenye nguzo ya kwanza, ikahesabiwa kwamba kaka ndiye aliyetangulia kujenga. Siku ya pili yule mdogo akajenga, na hapakuwa na neno."

Nilikuwa na koti la kaka yangu, alilolisahau kwangu.

"Uliliona koti hilo likitundikwa?" niliuliza.

"Mimi? Hapana. Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani, mzee?"

"We, Mwalimu! Wewe ni mwalimu au ni polisi?"

Mtu hawezi kuweka boma, na wana watakaolirithi, juu ya koti ambalo hakuna aliyeliona. Niliiacha njia hiyo palepale majini, ingawa hakuna aliyekuwa na hamu kuliko mimi kwamba iwe ya kweli.

Jua lilipokaribia kuzama, paa lilikuwa limekwisha kuezekwa. Rafiki yangu aliingia na mkewe, na moshi ukatoka mlangoni.

"Wewe utalala simba yangu, omera," aliniambia. "Mimi siruhusiwi tena kulala humo." Alisema maneno hayo kama mtu anayetangaza cheo.

Niliikagua simba hiyo. Kitanda kilikuwa imara na paa halikuvuja. Hata kibanda alichokiacha kilikuwa bora kuliko nilichokuwa nacho. Jumapili nilirudi Kisumu peke yangu, kwa sababu mwenye boma jipya haondoki upesi.

Majuma machache baadaye, kaka yangu alisimama mlangoni pangu mjini bila taarifa. Nyuma yake mkokoteni ulikuwa umebeba mabati.

"Kwa hiyo umeamua kunivuka," alisema kabla ya salamu.

"Kukuvuka vipi?"

"Nimesikia! Umeonekana huko ziwani ukikandika nyumba, matope mpaka kwenye masikio. Unataka nichekwe na kijiji kizima? Nimechukua likizo. Jumamosi tunakwenda nyumbani, najenga yangu, hata ikiwa chumba kimoja. Wewe ujenge baadaye."

Mke wangu, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, alisimama katikati ya chumba. Aliniangalia mimi, kisha mabati.

"Nani amekuambia?" nilimuuliza kaka.

"Watu."

"Watu wamekudanganya. Ile ilikuwa nyumba ya rafiki yangu. Mimi nilikuwa mgeni."

Alinikodolea macho, kisha mabega yake yakashuka. Aliketi, akavua viatu, akacheka kwa raha.

"Ningejua mapema! Hawa watu wa Kisumu ni waongo kabisa. Basi hakuna haraka." Alimgeukia mke wangu. "Mama, nipe hayo maji. Tutajenga Desemba."

Aliondoka kesho yake, akaniomba nimhifadhie mabati nyuma ya jikoni. Alipokwisha kupotea kwenye kona, mke wangu alisema bila kunitazama:

"Ungenyamaza mpaka Jumamosi, ungekufa?"

Nilimwambia kwamba uvumi ni uvumi, hata unapotufaa. Bado nasema hivyo. Lakini alipokuwa akiondoa vikombe, nilikuwa namfikiria rafiki yangu, ameketi mlangoni pake juu ya ziwa, mzaliwa wa kwanza, ambaye hakuna aliyemdai ukweli wowote kabla ya kulala katika boma lake mwenyewe.