Lebo ya Bulaya

Kwa siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya kitambaa kidogo chenye jina la duka la Ulaya. Mama mkubwa alikuwa amekikata kwenye nguo ya mitumba, akataka nikishone ndani ya sweta niliyomfumia mjukuu wake mchanga.

"Bamama ba korali bakijua imefumwa hapa Panda, batacheka," alisema. "Weye shona tu. Nani ataulizia?"

Mikono ya sweta hiyo nilikuwa nimeifumua na kuifuma upya mara mbili ili ilingane. Nina shahada, sina kazi, na sindano ndizo pekee zinazonitii. Nikikataa, nitaitwa mwenye kiburi. Nikikubali, nani ataniagiza kazi, ikiwa sweta zangu zinatoka Ulaya? Nikawaza hata kwamba lebo itamkwaruza mtoto shingoni, ili tu nipate sababu yenye heshima.

Akina mama hao wa kwaya nawajua. Huvaa kofia zinazotoa rangi mvua ikinyesha. Keki yangu huisifu mpaka wasikie nimeioka mwenyewe, kwenye sufuria juu ya makaa. Hapo ghafla inakuwa na chumvi nyingi. Na mimi nilipoteza usingizi kwa ajili ya ndimi kama hizo!

Jumamosi niliitupa lebo kwenye moto wa jikoni. Jumapili, baada ya misa, nilimkabidhi mama wa mtoto sweta mbele ya korali nzima.

"Ni minye nilifuma," nilisema kwa sauti. "Ikifumuka, mulete kwetu Panda."