Mama Aliyeomba Reli Ziungane

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja Mkongomani ambaye wasomaji wangu wengi wa Greyville, hapa Durban, walimfahamu, hata kama hawakuwahi kununua kwake chochote. Moyo ulimsimama asubuhi nyumbani kwa binti yake, Queensburgh, akiwa anavaa viatu ili aende mjini kugombana na watu wa reli. Nasema hivyo bila mzaha. Binti yake ndiye aliyeniambia, na alikuwa akilia. Ibadani mchungaji alimsifu kwa uvumilivu wake, na wengi waliitikia amina. Mimi sikuitikia. Mama yule hakuwa mvumilivu hata kidogo, na kumpa sifa hiyo sasa ni kuwapunguzia mzigo wale waliomchosha.

Kazi yake ilikuwa mbegu. Alinunua mbegu za mahindi kwa wakulima wakubwa wa bara, akazileta Durban, akazichanganya na sabuni na mitumba ya wafanyabiashara wenzake mpaka behewa likajaa, kisha akazisafirisha kwa reli hadi Lubumbashi, alikozaliwa. Huko wifi yake aliwagawia akina mama wanaolima pembezoni mwa mji. Sabuni ikichelewa, utaiuza mwezi ujao. Mbegu haisubiri. Ikifika baada ya mvua za kwanza, msimu mzima umekwenda, na nyumba zilizoitegemea zitalala njaa mwaka mzima.

Wakati huo kampuni mbili zilichukua mizigo hapa kuipeleka kaskazini. Moja ilikuwa na ghala Mobeni, nyingine karibu na bandari. Kila moja ilikuwa na mabehewa yake, ila mpakani zilisaidiana vichwa vya treni, moja ikivuta mabehewa ya nyingine, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mwaka mmoja behewa la mama lilipotelea njiani. Kampuni ya Mobeni ilisema imelikabidhi, ile ya bandarini ilisema haijalipokea. Akapanda basi akaenda mpakani mwenyewe, akalikuta limesukumwa kwenye reli ya kando, majani yameanza kupanda magurudumu. Akawatafuta makarani wa kampuni zote mbili.

“Papa, wale watu wako nyumba moja,” alinisimulia aliporudi. “Ukuta tu ndio iko katikati. Nikamshika huyu mkono nikamupeleka kwa mwenzake. Nikasema, bien, sasa salimianeni. Walikuwa hawajuane hata jina.”

Behewa liliondoka siku ileile, na mbegu iliwahi mvua. Lakini kisa kile hakikumtoka. Kwa hiyo kampuni zile zilipotangaza kwamba zinataka kuungana ziwe moja, na baraza la serikali likaita kikao cha wazi kusikiliza maoni ya wateja, mama alikuwa wa kwanza kusema atakwenda kuunga mkono.

Tulibishana sana, chai ikapoa. Nilimwambia kwamba bei ya Mobeni inashikwa chini na bei ya bandarini, na bei ya malori inashikwa chini na zote mbili. Nilimwambia leo akiudhiwa upande mmoja anabeba magunia yake anahamia upande wa pili, na wenye reli wanalijua hilo, ndiyo maana wanamjibu. Alinisikiliza huku akikoroga kikombe.

“Miye nitakasirikia pahali pamoja tu,” akasema. “Na pesa ya taxi itapungua.”

Nilicheka, na lazima nikiri kwamba hoja yake haikuwa ya kijinga. Alikuwa ameuona kwa macho yake ule ukuta wa mpakani. Alisimama kikaoni na gauni lake la Jumapili, akaeleza habari ya behewa, akamaliza kwa kusema kwamba anataka mtu mmoja wa kumuuliza mzigo wake uko wapi. Wakubwa wa kampuni zote mbili walimpigia makofi. Baraza likaruhusu muungano kwa sharti kwamba huduma isipungue. Nilisoma uamuzi ule mara kadhaa nikitafuta ni nani atakayepima kama imepungua, na atafanya nini akiona imepungua. Sikuona.

Mambo yaliyofuata hayakuchukua muda. Ghala la Mobeni lilifungwa, maana kampuni moja haihitaji maghala mawili. Mizigo yote ikasukumwa bandarini, na pale ikaanza kurundikana, kwa sababu watu waliojua kuipakia walikuwa wamepunguzwa pamoja na ghala. Kisha likaja tangazo kwamba behewa moja moja halipokelewi tena; mteja alete mzigo wa kujaza mabehewa mengi kwa pamoja, au asubiri mpaka wenzake wapatikane. Wenye viwanda vikubwa hawakuona tofauti. Mama na wenzake walisubiri. Walipokimbilia malori, wenye malori nao walikuwa wameshajua kwamba hawana mahali pengine pa kwenda, na bei zikapanda.

Msimu ule mbegu ilifika Lubumbashi mahindi ya majirani yakiwa yameshafika magotini. Nilikuwepo kwenye duka la simu wifi yake alipopiga, na kwa kuwa mama alikuwa na desturi ya kushika simu mbali na sikio, nilimsikia akimwita yaya, kama dada mkubwa.

“Mbegu imefika, yaya. Mvua nayo ilishaenda. Hata kuikula hatuwezi, iko na dawa.”

Mama akauliza akina mama watakula nini.

Siku ya pili tulikwenda pamoja kwenye ofisi mpya ya kampuni. Ukutani, nyuma ya mapokezi, kulikuwa na picha kubwa ya treni, na chini yake maneno aliyoyasema kikaoni kuhusu mtu mmoja wa kumuuliza. Jina lake hawakuweka. Alimwambia msichana wa mapokezi kwamba yale ni maneno yake na anaomba yaondolewe.

“Eish, Mama, sina ruhusa,” alisema yule msichana, kwa adabu kabisa. “Hiyo iko mambo ya makao makuu, Johannesburg.”

“Na behewa langu lilichelewa wapi?”

“Hiyo pia ni Johannesburg.”

Mama alirudi mbele ya baraza. Hakulazimishwa, na wafanyabiashara wenzake walikuwa tayari wanamlaumu vya kutosha. Alisimama akasema alikosea, kwamba alidhani shida ni kampuni kuwa mbili kumbe shida ni kwamba hakuna aliyeadhibiwa mzigo ulipochelewa, na sasa ndio kabisa hakuna. Akaomba kampuni nyingine iruhusiwe kupitisha mabehewa yake kwenye reli zilezile. Mwenyekiti alimshukuru kwa kufika, kisha akatangaza mapumziko ya chai. Mpaka leo ombi lile halijajibiwa, na mwenye kuliomba yuko kaburini.

Nimeudhika, na sitaki mchungaji anitulize. Tumezoea kuamini kwamba mteja ana nguvu akisikilizwa. Mama huyu alisikilizwa vizuri sana, mara mbili, mara ya kwanza hata kwa makofi. Nguvu yake ilikuwa kwenye uwezo wa kuwaacha wale wanaomhudumia vibaya, na hiyo ndiyo aliyoombwa aiachie kwa tabasamu, nasi tukasimama kando tukaangalia.

Tulipokuwa tunatoka makaburini, kijana mmoja mwenye duka la mafuta ya nywele aliniambia kwamba sasa kampuni mbili za malori nazo zinataka kuungana, na kwamba wamemwomba aende kuwasemea.

“Wanasema huduma itakuwa sharp,” aliniambia.

Sikumjibu pale, maana hapakuwa mahali pake. Namjibu hapa. Kabla hujasimama kuwasemea, ndugu yangu, waombe waandike siku ambayo mzigo wako utafika, na waandike pia watakachokulipa usipofika. Kisha waangalie nyuso zao wakati wanatafuta kalamu.